Ubongo Safi wa Bibi Mektrida

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Ofisini nimefika wa kwanza. Hakuna aliyeliona hilo, maana nilikuwa peke yangu.

Dk. Ebenezeri, mkuu wa mradi wetu, ametuita mimi na Theodora. Habari mbili. Kwanza, mikataba yetu inaisha mwezi huu, na kuanzia Juni itabaki nafasi moja tu. Pili, Jumamosi ya tarehe 17 anakuja daktari bingwa wa ubongo kutoka Dar. Siku moja tu. Ataona wazee wanane, basi. Wanane hao watachaguliwa kutokana na rekodi tutakazosafisha sisi wawili, na majina yanatakiwa mezani Ijumaa, tarehe 16.

Niieleze hapa kazi yenyewe, ili siku nikiwa mtu mkubwa watu wajue nilikoanzia. Wazee ishirini na wanne wa Kibosho walivalishwa kofia ya nyaya, wakafumba macho, wakakaa kimya dakika tano. Mashine ikaandika mawimbi ya ubongo uliopumzika. Shida ni kwamba nyaya hazisikii ubongo peke yake. Zinasikia kope, taya, jasho, hata mngurumo wa umeme wa ukutani. Sisi tunaondoa uchafu huo kabla utafiti haujaanza. Ni kama kuchambua mchele. Ukiwa safi unahesabu mawimbi: mzee mwenye afya akifumba macho huonyesha tisa, kumi kwa sekunde. Yakipungua sana, aonwe na daktari.

Rekodi kumi na mbili zangu, kumi na mbili za Theodora. Theodora ni mtoto wa Kibosho. Mkimya. Ana daftari la jalada la bluu na penseli anayoichonga kwa wembe. Penseli! Mwaka huu! Mtu wa namna hiyo atanishinda mimi, Hafidhi wa Majengo, mwenye shahada ya takwimu? Thubutu.

Jumanne, 6 Mei

Siku ya ushindi, hadi saa nane.

Theodora anasafisha kwa macho, sekunde baada ya sekunde, kama anayetoa chawa. Mimi nimeiandikia kompyuta amri moja: kila kipande kinachoruka juu ya kiwango, tupa. Nikabonyeza. Nikaenda kunywa chai na sambusa mbili. Niliporudi, zangu zote kumi na mbili zilikuwa tayari. Theodora alikuwa amemaliza moja, na bado anaikodolea macho. Nikampa pole. Akasema asante, bila kugeuka.

Saa nane Dk. Ebenezeri akaniita. Alikuwa na rekodi ya Mzee Sirili. Katika dakika tano zake, nilikuwa nimebakiza sekunde kumi na moja. Daktari akauliza, kwa upole unaouma, kama mzee alitumwa dukani katikati ya kipimo. Ya Bibi Mektrida ilikuwa na sekunde nne. Akanikumbusha kwamba chini ya dakika mbili safi, rekodi haihesabiwi.

Nimeanza upya. Kiwango kilikuwa kikali kidogo, ndiyo. Lakini wazo lilikuwa zuri.

Jumatano, 7 Mei

Nimegundua jambo kubwa!

Nimezikagua rekodi zangu kwa macho. Karibu kila moja ina doa lilelile. Mzee ametulia, mawimbi yanakwenda vizuri, mara ghafla taya, shingo, macho, vyote vinaruka pamoja. Sekunde mbili. Kisha kimya. Baada ya dakika moja, tena. Kwa wazee saba! Nikafikiri, nini kinaweza kuwashtua watu saba wa Kibosho kwa namna moja? Mlima! Mlima unatikisika kidogo chini yao, na sisi wa mjini hatusikii. Kabla ya saa sita nilikuwa nimeandika kichwa cha makala na aya mbili, na jina langu mbele ya la Dk. Ebenezeri.

Nikamwonyesha Theodora, nimwone anavyoumia. Akatazama kidogo. Akasema hiyo ni marahaba.

Akafungua daftari la bluu. Tulirekodi kwenye chumba cha parokia, na mlango wake ndio njia ya kwenda bombani. Kila anayepita akiona mzee amekaa, anatoa shikamoo. Ni mzee gani wa Kibosho ataisikia shikamoo afunge mdomo? Tuliwaambia wasiongee, wakakubali. Lakini kwao marahaba si kuongea. Anaitikia, anatikisa kichwa, anafungua jicho moja aone ni mtoto wa nani. Siku zake Theodora aliandika kila salamu na dakika yake. Dakika moja na nusu, Mama Primus na ndoo. Dakika ya tatu, wanakwaya wawili. Anakata hapo tu, kilichobaki kizima.

Siku zangu nani aliandika? Hakuna. Mimi nilikuwa jikoni kwa masista, wamenikaribisha kiburu cha ndizi na maharage. Kiburu kilikuwa kizuri sana, sikatai.

Makala nimeifuta. Nimebakiza kichwa tu, huenda kikafaa siku nyingine.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeomba ruhusa kurudia wazee wangu watano waliochafuka zaidi. Nimepewa. Nikapanda Kibosho na mashine mgongoni, pikipiki ikiteleza kwenye tope.

Safari hii nilikuwa na dawa. Kama ugonjwa ni salamu, unazuia salamu. Nikachukua karatasi kubwa na kalamu nyekundu, nikabandika mlangoni: MARUFUKU KUSALIMIA WAZEE. Nikaongeza chini: KWA AMRI.

Rekodi nne, safi kama maji ya mfereji! Sijapata kuona. Nilikuwa napiga mluzi.

Sasa matokeo. Watu walipita, wakasoma, wakanyamaza. Mzee Sirili, macho yamefumbwa, akasikia nyayo za watu sita na hakuna aliyemsalimia. Kipimo kilipoisha akauliza ametengwa kwa kosa gani. Bibi mmoja akalia. Katekista Sylvanus akaja, akasoma karatasi, akaibandua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Heri angenitukana. Bibi Mektrida, aliyekuwa wa tano, akasema yeye leo harekodiwi, akaondoka zake.

Jioni nimefika nyumbani Majengo, mama yangu, Mwantumu, kanipokea na habari za sokoni. Eti kuna kijana wa hapa hapa mjini amekwenda Kibosho kupiga marufuku salamu. Mama Mwantumu akasikitika sana. Akasema anamhurumia mama wa kijana huyo. Nikamwambia hata mimi.

Ijumaa, 9 Mei

Dk. Ebenezeri amepigiwa simu na watu wanne kabla ya chai. Akasema niende nikayamalize mwenyewe, na yasipoisha, mradi mzima utafukuzwa Kibosho.

Theodora ndiye aliyeniokoa, lazima niandike ingawa sipendi. Akaniambia nisiende na maneno. Niende na jani la isale. Ni yale majani marefu yanayooteshwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Ukimkosea Mchagga ukamletea isale, amekwisha. Hawezi kukataa kusamehe. Akikataa, lawama yote inahamia kwake.

Sikuamini. Nikapanda na jani moja, nimelishika kwa mikono miwili kama alivyonielekeza. Wazee walikuwa wamekaa, nyuso zimefungwa. Nikatoa shikamoo kwa kila mmoja, nikaweka jani mbele ya Mzee Sirili, nikasema nimekosa. Akalitazama. Akapumua. Akalichukua. Yamekwisha!

Yamekwisha kweli! Hakuna fomu, hakuna kikao cha pili. Dakika tatu, na baada yake nikaletewa chai. Mimi nimeishi Moshi miaka ishirini na tisa, hakuna aliyewahi kuniambia kuna kitu kama hiki. Nimefikiri juu ya jani hilo njia nzima ya kushuka.

Kabla ya kushuka nilimrekodi Bibi Mektrida. Haikufaa. Midomo inacheza mwanzo mpaka mwisho. Anasali rozari. Ni mwezi wa Maria, akasema, na tangu utoto wake akifumba macho bila kusali anaona kama amemdanganya Mungu. Dakika tano za taya tupu. Nikapata sekunde arobaini safi, na mvua ikaanza kupiga bati, tukaacha.

Wakati namfuta jeli ya nyaya kichwani akaniambia kwa nini alikubali kuvaa kofia hii. Dada yake, Salvina, alianza kwa kusahau chumvi. Mwisho akasahau jina la mtoto aliyemzaa. Sasa naye, Mektrida, mwezi uliopita alitoka mashine ya kusaga, njia anayopita tangu msichana, akasimama njia panda asijue kwake ni wapi. Hajamwambia mtu ila binti yake Stella, aliyeko Himo. Anataka kujua. Liwe baya, liwe zuri, ajue. Akaniuliza kama rekodi yangu itasema ukweli. Nikamwambia bibi, mashine haisemi uongo.

Jumapili, 11 Mei

Jana Theodora kafikisha kumi na mbili. Mimi kumi na moja. Inanikwaza moja tu, Bibi Mektrida na taya lake.

Leo nimeingia ofisini peke yangu. Nilikuja kujaribu kusafisha tena, wallahi. Lakini kofia ilikuwa mezani. Jeli ipo. Kioo cha chooni kipo. Nikajiuliza, hivi rekodi safi kabisa inaonekanaje? Kwa kujifunza tu.

Kujivalisha kofia ile peke yako si mchezo. Jeli iliingia sikioni. Lakini nilipokaa, nikafumba macho, nikatulia! Dakika tano. Sikusali, sikufikiri, sikumeza hata mate. Mawimbi kumi kwa sekunde, yamepangana kama meno ya kitana. Nimeyatazama muda mrefu. Ubongo wangu ni mzuri. Siku zote nilishuku.

Halafu mkono ukaenda wenyewe. Faili langu likapata namba ya Bibi Mektrida. Kumi na mbili kwa kumi na mbili!

Si wizi. Nimempa, sijamnyang'anya. Tena ni kwa muda tu. Bingwa akishaondoka na nafasi ikiwa yangu, nitampima bibi upya kwa utulivu. Nani atadhurika?

Jumatatu, 12 Mei

Dk. Ebenezeri amesimama. Kweli, alisimama kitini! Akasema hii ndiyo rekodi safi kuliko zote za mradi, na ni ya bibi wa miaka sabini na nane. Mawimbi ya kijana! Akanipa mkono mbele ya Theodora. Theodora naye akanipongeza, kisha akaitazama skrini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Daktari akachukua kalamu, akalikata jina la Bibi Mektrida kwenye orodha ya awali ya bingwa. Akasema mzima kama huyu asimzibie mwingine nafasi. Akampigia simu palepale kumpa habari njema. Nilimsikia bibi akicheka kwenye kile kiswaswadu chake, kicheko kikajaa chumba kizima.

Nilitaka kusema kitu. Chai ikaletwa.

Jumanne, 13 Mei

Bibi Mektrida ameshuka mjini mwenyewe. Kaleta mkungu wa ndizi, umefungwa vizuri kwa majani makavu, kwa ajili yangu. Mimi! Akanishika mkono mbele ya watu akasema kijana huyu ndiye aliyenitoa wasiwasi. Amekwishamwambia Stella asifunge duka Jumamosi, hakuna safari ya kwa bingwa, ubongo wa mama yake ni wa kijana.

Tukakaa kidogo. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia wa Mwantumu wa Majengo. Akafurahi. Tukaongea habari za mvua. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Akafurahi vilevile, kama hajapata kusikia. Alipoaga aliuacha mwavuli wake. Nikamkimbilia nao getini, nikamkuta amesimama, anatazama kushoto, anatazama kulia. Akaniuliza stendi ni upande gani, na ndiko alikotoka nusu saa iliyopita. Nikamsindikiza mpaka nikampandisha gari. Akanipungia mkono dirishani. Nikauliza moyoni, Hafidhi, umefanya nini?

Sikula mchana. Ndizi zimo uvunguni mwa meza yangu, kila nikinyoosha mguu nazigusa.

Jumatano, 14 Mei

Nimepata njia! Bibi atarudi kwenye orodha, na mimi sitatajwa.

Kama mawimbi kumi kwa sekunde ni uzima, basi rekodi niipunguze mwendo. Nimeivuta kama unga wa chapati mpaka kumi ikawa saba. Nikaihifadhi mahali pale pale. Nikapanga kumwambia daktari kwamba nimeikagua tena kwa uaminifu wangu na nimeona kasoro ndogo. Ningeonekana mtu makini! Nafasi yangu, bibi kwa bingwa, ndizi zangu halali.

Daktari alikuwa kikaoni. Theodora akapita kuhakiki mafaili, ndiyo kazi ya Jumatano. Akafungua la Bibi Mektrida. Kisha akavuta kiti kando yangu na kuongea polepole, kama anayemwambia mtu kwamba kanzu yake imepasuka nyuma. Akasema wazee wote walirekodiwa dakika tano. Bibi Mektrida sasa ana dakika saba na sekunde tisa.

Lahaula. Ukiyavuta mawimbi, na muda unavutika nayo. Shahada ya takwimu!

Hakumaliza. Akasema hilo lilimshangaza, akafungua tarehe na saa ambazo mashine huandika yenyewe ndani ya faili. Jumapili, tarehe 11, saa tatu na robo asubuhi. Saa hiyo Bibi Mektrida alikuwa misa ya pili. Yeye Theodora anajua, maana walikaa benchi moja, na bibi ndiye aliyekuwa akimkanyaga mguu kila wakipiga magoti.

Nikangoja apige kelele. Hakupiga. Akasema hatamwambia daktari kabla yangu. Ila kesho saa mbili anapanda Kibosho na mashine, na pikipiki zitakuwa mbili.

Alhamisi, 15 Mei

Nimepanda. Njiani nimekata jani la isale kwenye ua wa mtu. Nitamwomba msamaha naye siku nikimjua.

Bibi Mektrida alikuwa akichambua maharage. Nikatoa shikamoo, nikapiga goti, nikaweka jani mbele yake, nikasema yote. Kofia, kioo cha chooni, jeli ya sikioni. Sauti ilinikatika nilipofika kwa Stella. Sikupanga hilo, ilikatika yenyewe. Nilikuwa na aibu ambayo sijapata kuwa nayo tangu nizaliwe.

Akaacha maharage. Akauliza, kwa hiyo ule ubongo ulikuwa wako? Nikasema ndiyo, bibi. Akasema sasa anaelewa. Daktari alimwambia kwenye simu kwamba umetulia kabisa, hauna hata dalili ya mawazo, na yeye akashangaa, maana ana mawazo mengi. Theodora akageukia ukuta, mabega yanatikisika.

Bibi akalichukua jani. Lakini hakucheka. Akasema mchezo mwingine wote ningeweza kumchezea, ila si huu, maana aliniambia anataka kujua. Basi. Nilitamani ardhi inimeze.

Tukampima pale pale kwake. Theodora akampa njia ambayo mimi nisingeiwaza: kwanza asali. Akasali rozari yake mpaka Amina ya mwisho, sisi tunangoja, na maharage tukayamaliza kuchambua. Hana deni tena na Mungu, sasa anaweza kufumba macho. Mimi nikawekwa njiani, hatua ishirini kutoka dirishani, kwenye manyunyu. Kazi yangu ilikuwa kumwahi kila anayekuja na kumsalimia mimi, kwa sauti ya chini, ili salamu iishie hapo. Shikamoo kumi na mbili nimetoa, moja kwa mtu mdogo kuliko mimi, kwa haraka. Dirishani haikufika hata moja.

Jioni nimeisafisha rekodi hiyo mwenyewe, sekunde kwa sekunde, kwa macho. Hapa kope, kata. Hapa kikohozi, kata. Saa tatu nzima. Dakika nne na sekunde kumi safi. Mawimbi ni saba kwa sekunde, pengine pungufu. Ni yake, hayakuvutwa na mtu. Nimekaa nayo kidogo kabla ya kuzima kompyuta.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeingia kwa Dk. Ebenezeri na jani la isale. Nikaliweka juu ya kibodi ya kompyuta yake. Daktari ni mtu wa Marangu. Akalitazama jani, akanitazama mimi, akauliza nani amenifundisha. Kisha akaomba maelezo, nikampa. Akavua miwani. Akakaa hivyo muda wa kutosha mtu kusafisha rekodi nzima.

Akasema kama Mchagga, amenisamehe, hana la kufanya, jani limeshafika. Kama mkuu wa mradi, nafasi ni ya Theodora. Bibi Mektrida amerudishwa kwenye orodha, wa nane. Stella amepigiwa, atafunga duka.

Nilidhani nafungasha. Theodora, kwa mdomo wake mwenyewe, akasema atahitaji kibarua wa kuosha zile kofia na kusimama nje kusalimia wapita njia. Akasema jana nilifanya vizuri. Daktari akakubali, miezi mitatu.

Msalimiaji! Mwenye shahada! Kwenye wasifu wangu nitaandika Afisa Mahusiano ya Jamii.

Jumamosi, 17 Mei

Bingwa amemwona Bibi Mektrida nusu saa nzima. Nilikuwa nje na Stella, tumekaa kwenye benchi. Nilimweleza yangu pia. Sikuwa na jani. Akasema ningekuwa mdogo wake angenichapa, kisha akaninunulia soda.

Walipotoka, bibi alikuwa ameshikilia karatasi. Bingwa hasemi ni ule ugonjwa wa Salvina. Anashuku tezi ya shingo, imelala, nayo ikilala hulegeza hata mawimbi ya ubongo. Damu imechukuliwa. Ikiwa ndiyo, kuna kidonge, kimoja kila asubuhi, na mengi yanaweza kurudi. Ikiwa siyo, ataitwa tena, atajua. Stella akalia, bibi akamwuliza analia nini. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Nikamwambia. Tena na tena ningemwambia.

Nimejifunza, shajara yangu. Kazi ya mtu ni amana. Sitarudia.

Jumatatu, 19 Mei

Kofia ishirini nimeosha. Jeli ikikauka ni shida kama ugali wa jana kwenye sufuria. Theodora anasema nisitumie maji ya moto, yanaharibu. Nimetumia ya moto, yanaharakisha. Mbili zimesinyaa, zitamfaa mtoto.

Nimefikiri sana kuhusu Jumatano iliyopita. Kilichoniponza ni tarehe na saa, basi. Mashine huzichukua kwenye kompyuta, na kompyuta huambiwa na mtu. Mchana, Theodora akiwa amekwenda kula, nimeona pale inapobadilishwa. Mahali padogo tu, kona ya chini kulia. Sina mpango wowote. Ni elimu.

Jioni nimekwenda kwa Bibi Mektrida kumpelekea mwavuli, aliusahau tena. Nikamwomba vipande vya isale vya kuotesha. Akanipa sita, akafurahi kuona kijana wa mjini anapenda mila. Nimevipanda kwenye ndoo nyuma ya nyumba, na maji nimemwagia.

Mama Mwantumu kauliza ni maua gani haya yasiyotoa ua. Nimemwambia ni ya akiba.